Vifaranga wa Mwezi wa Saba

Mimi ni wakala wa vifaranga hapa Makambako. Napokea maboksi yanayotoka Dar es Salaam na Kibaha kwa basi, nayagawa, kisha nayapandisha tena kwenye magari ya Njombe, Makete, Ludewa na Songea. Kwetu vifaranga hawapiti posta. Posta yetu ni buti la basi, na tarishi wetu ni konda. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane kazi hii hubadilika. Vifaranga ni wale wale, maboksi yale yale, kampuni zile zile, lakini malalamiko huongezeka, na karibu yote hayaletwi siku ya kupokea mzigo. Siku ya kupokea, mteja hupiga simu akishangilia: "Mama, wote mia na wawili wazima kabisa, Mungu akubariki." Siku ya tano sauti ni nyingine: "Mama, hawa uliniuzia wagonjwa."

Kati ya simu hizo mbili ndipo baridi inapofanya kazi yake. Watu hudhani baridi huua vifaranga njiani. Wapo wanaofia njiani, ila ni wachache kuliko mtu anavyofikiri. Kifaranga aliyepigwa na baridi usiku kucha hufika stendi akiwa hai. Anasimama, analia, anahesabiwa, mteja anasaini. Kufa anafia bandani, taratibu, kati ya siku ya tatu na wiki ya pili, wakati mimi, konda na kampuni tumeshamalizana na mzigo. Ndiyo maana nasema kuhesabu waliokufa ndani ya boksi hakutuambii chochote cha maana kuhusu safari.

Kinachomwezesha kifaranga kusafiri ni kiini cha yai. Muda mfupi kabla ya kutoka kwenye ganda hukivuta kiini kilichobaki kikaingia tumboni, na hicho ndicho chakula chake na maji yake. Kinaweza kumtunza hadi saa 72 bila kula wala kunywa. Tatizo ni kwamba wateja huanza kuzihesabu saa hizo basi linapoondoka, na hata mawakala wenzangu wengine hivyo hivyo. Zinaanza kuhesabika ganda linapopasuka. Ndani ya mashine ya kutotolea vifaranga hawatoki kwa pamoja. Wa kwanza anaweza kumtangulia wa mwisho kwa siku nzima au zaidi. Halafu kuna kuchambuliwa, kuchomwa chanjo ya ugonjwa wa Mareki, kuhesabiwa na kupangwa. Boksi linapofungwa, yule aliyetangulia ameshatumia saa zake nyingi.

Tena saa 72 ni za kifaranga mwenye joto. Mwili wake unatakiwa uwe na kama nyuzi 40, na kwa wiki mbili za mwanzo hawezi kujitunzia joto hilo mwenyewe. Alichovaa ni malaika tu, bado si manyoya. Akishikwa na baridi huichoma akiba ile ile ili apate joto, na kiini chenyewe hakinyonywi na mwili vizuri. Ukimpasua aliyekufa siku ya sita utakikuta bado kipo tumboni, kimegeuka rangi, kinanuka. Mfugaji ataita ugonjwa wa kitovu. Hatakuwa amekosea sana, kwa sababu bakteria hupenda kuzaliana hapo hapo, ila ugonjwa huo mara nyingi ulifunguliwa mlango na usiku mmoja barabarani.

Sasa boksi lenyewe. Boksi la mia lina vyumba vinne, kila chumba vifaranga 25, na matundu pembeni na juu. Likijaa sawasawa linajipasha lenyewe kama jiko dogo: ndani linashika nyuzi 30 hadi 32 hata kama nje ni baridi kidogo. Likiwa nusu halijipashi. Ndiyo maana mteja anayetaka 30 tu mwezi wa saba ananipa mawazo kuliko anayetaka 300. Marekani, ambako posta hubeba vifaranga wa siku moja tangu mwaka 1918, waliliona hili mapema. Majira ya baridi kampuni zao hupandisha idadi ya chini ya kuagiza, huweka pakiti za joto, na wengine huongeza majogoo wadogo ambao mteja hakuwaomba, wafanye kazi ya blanketi tu. Majogoo hao wana bahati mbaya yao, lakini hesabu ya joto ni sahihi. Kanuni yao pia iko wazi: kifaranga afikishwe ndani ya saa 72 tangu atotolewe. Na bado kanuni haizuii uzembe. Mwaka 2025 lori la posta lenye vifaranga zaidi ya elfu kumi lilikaa siku tatu kwenye kituo cha posta jimbo la Delaware bila chakula wala maji, na maelfu wakafa. Hiyo ilikuwa mwezi wa nne, baridi haikuhusika. Gari lilisimama, basi.

Kusimama ndiko ninakokuogopa hata mimi. Basi linalotembea lina ratiba; likisimama, ratiba inakuwa ya Mungu. Linaloondoka Dar jioni hupita Morogoro na Mikumi bila shida, hadi Ruaha Mbuyuni ambako hata mwezi wa saba abiria wanavua makoti. Halafu linaanza kupanda mlima Kitonga. Lori likikwama kwenye kona za Kitonga, foleni yake ni ya saa kadhaa, na buti limejaa. Kuanzia hapo ni Ilula, Iringa, Mafinga, na kila kituo utingo anafungua buti kutoa mzigo wa abiria, upepo unaingia, analifunga, anasonga mbele. Kwetu linaingia alfajiri, saa ambayo baridi imefika kileleni. Asubuhi za mwezi wa saba hapa joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna ule upepo wa Makambako, ambao asiyeujua na aulize dereva yeyote wa lori. Mbele yetu Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makete kuna asubuhi nyasi huamka nyeupe kwa sakitu. Safari imepangwa kana kwamba tulitafuta saa mbaya kuliko zote tufike nayo mahali pabaya kuliko pote.

Zamani haikuwa hivi, kwa sababu mabasi yalikatazwa kutembea usiku kucha. Tangu yaruhusiwe tena mwaka 2023, kampuni za vifaranga zimelipenda basi la usiku, na sababu zao nazielewa. Vifaranga hutolewa kwenye mashine asubuhi, mchana wamechanjwa, jioni wako tayari. Wasipopakiwa watalala kiwandani na kula saa 12 za akiba yao. Mimi nasema walale. Saa 12 ndani ya chumba chenye joto na hewa si sawa na saa 12 ndani ya buti linalopanda Kitonga usiku. Basi la asubuhi lina hatari yake, maana linapita Mikumi jua la utosi na joto nalo linaua, lakini kwangu linafika jioni, ardhi bado ina joto la mchana, na mteja wa Njombe anawalaza vifaranga kwake usiku ule ule. Kwa miezi mitatu hiyo simwagizii mtu mzigo wa usiku isipokuwa kampuni imenikatalia kabisa. Wengine wananiona msumbufu.

Basi likiingia, boksi silifungui stendi. Nasikiliza kwanza. Vifaranga wenye raha wana sauti ya chini, ya kuongea wao kwa wao. Wenye baridi wanalia kwa sauti kali, nyembamba, bila kupumzika, na ukilisogeza boksi sauti inapanda. Kimya ndicho kibaya zaidi: ama wamechoka kulia, ama wamekosa hewa. Nikishaingia ndani, penye jiko, nafungua chumba kimoja, natoa kifaranga wa pembeni na mmoja wa katikati, nawageuza, naigusisha miguu yao kwenye shavu langu. Mkono haufai; mkono uliotoka kwenye upepo wa alfajiri umeshakufa ganzi, utakuambia kila kitu ni cha moto. Shavu halidanganyi. Mguu wa kifaranga mzima huusikii kabisa kwa sababu una joto kama lako au zaidi. Mguu wa aliyepigwa na baridi unaushtukia, kama ncha ya kijiko kilicholala nje. Nikiwa na shaka natumia kipimajoto cha watoto wachanga, kile cha namba, nakiweka taratibu sehemu ya haja. Kikisoma karibu 40 nashukuru. Kikisoma chini ya 38, siwapeleki popote hadi wapate joto, hata kama gari la Songea linapiga honi.

Wakati huo huo naangalia kitovu. Hapa ndipo ninapotenda haki kwa pande zote, maana si kila kifo ni cha baridi. Kitovu kilichofunga vizuri ni laini, hukioni. Kikiwa na kifungo cheusi au uzi unaning'inia, hilo ni la kiwandani: joto au unyevu wa mashine haukuwa sawa, na kifaranga huyo angeumwa hata kama angesafiri kwa ndege. Miguu baridi ni ya barabarani. Kitovu kibovu ni cha mashine. Napiga picha za vyote viwili kabla mteja hajagusa boksi, na picha hizo zimeokoa urafiki wangu na watu wengi.

Kuna kifo kingine cha msimu wa baridi ambacho hakiletwi na baridi yenyewe. Kinaletwa na huruma. Utingo anaona maboksi, anaona ukungu, anachukua turubai anafunika. Mteja anakuja na blanketi na vitenge viwili, anaviringisha boksi hadi matundu yote yanazibika. Vifaranga mia wanapumua, hewa inachafuka, mvuke unapanda na kugeuka maji kwenye kifuniko, na maji yanawadondokea. Walio chini wanakosa hewa. Walio juu wanalowa. Halafu mtu anafika, anafungua kwa furaha, na upepo wa nyuzi 8 unampiga kifaranga aliyelowa. Nimefungua maboksi ya namna hiyo. Kifuniko kinanata mkononi kwa unyevu, harufu ya amonia inakuja puani, na vifaranga wamekaa midomo wazi, mbawa zimeachana na mwili, kana kwamba tuko Kigoma mwezi wa kumi. Blanketi linaruhusiwa, lakini liwe upande unaotoka upepo tu, matundu ya upande mwingine yabaki wazi. Nimeliandika hili kwa kalamu ya wino mzito kwenye maboksi, na bado wanafunika.

Kugawa nako kuna hatari yake. Wateja wangu wengi ni akina mama wa vikundi na vijana wanaoanza. Mmoja anachukua 50, mwingine 25. Stendi utaona mawakala wanahesabu vifaranga nje, mmoja mmoja, kutoka boksi zuri kwenda kwenye katoni ya biskuti au ya sabuni. Dakika 10 za namna hiyo alfajiri zinaharibu kazi ya usiku mzima wa konda mwema. Mimi nagawa ndani, jiko limekaa karibu na mlango ili moshi utoke, katoni imeshapashwa joto na imewekwa maranda chini, na chumba cha 25 nakihamisha kwa pamoja bila kuwachanganya na wa chumba kingine. Katoni ya sabuni ya unga siitaki hata bure. Katoni ya dawa ya mahindi ndiyo usiseme.

Kisha bodaboda. Anayepeleka mzigo kijijini hulifunga boksi nyuma ya siti kwa mpira, na mpira unapita juu ya matundu au unalikandamiza boksi hadi kifuniko kinawagusa vifaranga vichwani. Pikipiki ikishika mwendo, upepo unapenya upande mmoja na kutokea wa pili. Namwambia dereva alikinge boksi kwa mwili wake, yaani likae mbele yake ndani ya koti kama ni dogo, au nyuma karibu kabisa naye likiwa limekingwa kwa gunia upande wa upepo, na aende polepole. Hakuna bodaboda anayependa neno polepole. Ninamlipa kidogo zaidi na tunaelewana.

Nirudi kwenye hesabu, maana fedha ndizo zinazofanya jambo hili lisionekane. Kampuni ninazofanya nazo kazi huongeza vifaranga wawili kwa kila mia, ndiyo ile mia na wawili, kufidia watakaofia njiani. Akifa zaidi ya hapo ukatuma picha mapema, wanaweza kukulipa. Baada ya hapo faili limefungwa. Utaratibu huo unampa kila mtu sababu ya kuhesabu maiti stendi na kwenda zake. Mfugaji wa Makete anayepoteza 15 katika siku 10 hana wa kumwambia, ingawa katika wiki ya kwanza mtu hatakiwi kupoteza zaidi ya mmoja au wawili katika mia. Na wale wanaobaki hawako sawa. Wanadumaa, kinyesi kinawaganda nyuma, mmoja mkubwa mwingine mdogo katika banda moja. Kwa kuku wa nyama wanaofugwa huku juu, ambako hewa ni nyepesi, waliopigwa na baridi utotoni ndio wanaojaa maji tumboni wiki ya nne au ya tano, wakati mfugaji ameshawalisha mifuko na mifuko. Huyo hamkumbuki konda wa mwezi uliopita. Anamlaumu muuza chakula.

Ningeiomba kampuni moja tu ijaribu: fidia ihesabiwe siku ya saba badala ya saa ya kupokea, kwa mteja mwenye ushahidi wa bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga, iliyopashwa joto. Tungeona jinsi mabasi ya usiku yangekosa vifaranga ghafla miezi hiyo.

Lakini sehemu kubwa zaidi ya wajibu iko kwa mpokeaji, na hapa sitamung'unya maneno. Kuna mteja anayewasha jiko baada ya kupokea simu kwamba boksi limefika. Chumba cha udongo kilicholala na baridi wiki nzima hakipati joto kwa nusu saa. Hewa inaweza kupata joto, lakini sakafu bado ni barafu, na kifaranga anaishi sakafuni. Bruda iwashwe siku moja kabla, maranda yawekwe ya kutosha, kipimajoto kikae usawa wa mgongo wa kifaranga, kisome nyuzi 33 hadi 35. Jiko la mkaa lisiachwe kwenye chumba kilichofungwa pande zote, maana gesi yake inaua kuku na binadamu bila kubagua. Maji ya bomba ya Njombe asubuhi ukimpa kifaranga aliyetoka safarini ni kama kumrudisha kwenye buti. Yapashwe yawe vuguvugu, weka glukosi. Wapate joto kwanza, wanywe, ndipo wale. Jioni, kabla hujalala, mshike kifaranga mmoja mmoja kama 20 hivi, uguse gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo. Likiwa laini kama uji mzito, amekula na amekunywa. Likiwa gumu, amekula bila maji. Likiwa tupu, huyo hajajua chakula kiko wapi, na kwa kawaida ni kwa sababu anaogopa kutoka kwenye joto. Sogeza chakula kwenye joto, usimsogeze yeye kwenye chakula.

Mwaka jana mzee mmoja wa huko juu alinipigia siku tatu kabla ya mzigo. Nikamwamkia, akaitika, akaniambia, "Binti yangu, jiko nimeliwasha jana, banda lina joto hata mimi nalala humo. Lete." Nilicheka, lakini nilimpa boksi la kwanza kushuka.

Kwa hiyo ukiniagizia vifaranga wa mwezi wa sita, wa saba au wa nane, nitakuuliza maswali mawili kabla ya kupokea hela yako: bruda inawaka tangu lini, na nani atakuwa stendi basi likifika. Usipokuwa na majibu, subiri mwezi wa tisa. Bei ni ile ile.